Biblia Chakavu Inauzwa Mamilioni na Siri Iko kwa Kava: Soma Hii Kabla Upeleke ya Shosho kwa Fundi

Wacha nianze na stori ya nyumbani, ndio uelewe kwa nini hii maneno huniuma.

Shosho wangu ako na Biblia nzito, ya zile za kitambo. Kava yake ilikuwa nyeusi, ya kitambaa, imepasuka mgongoni, imeshikiliwa na raba bendi. Krismasi moja watu wa familia wakachanga doh, wakaamua kumshangaza. Biblia ikapelekwa kwa fundi mmoja tao, ikarudi na kava mpya ya reksini, jina la shosho limechapwa kwa dhahabu. Safi kabisa. Kila mtu akapiga makofi.

Shosho akaifungua mbele. Akafungua nyuma. Akarudi mbele tena. Halafu akauliza, "Ile karatasi iko wapi?"

Alikuwa anauliza ile karatasi ya kwanza, iliyokuwa imegandishwa ndani ya kava ya zamani. Fundi aliona imechakaa, akaing'oa, akaitupa pamoja na kava. Hapo ndipo guka alikuwa ameandika, kwa kalamu ya wino, majina na tarehe za kuzaliwa za watoto wao 8. Hao 7 tunawajua. Wa nane aliaga akiwa na wiki 3. Hana picha, hana cheti, hana kaburi lenye jina. Ule mstari mmoja wa wino ndio ulikuwa unaonyesha aliwahi kuwa hapa duniani.

Shosho alisema asante. Siku hiyo hakusema kitu kingine.

Baadaye ndio nikakuja kujua kuna watu, wengine matajiri wa kupindukia na wengine wasee wa kawaida tu, ambao maisha yao yote wanatafuta kile kitu fundi wetu alitupa kwa pipa. Wanatafuta vitabu vya dini vya zamani, vilivyochapwa miaka ya kwanza kabisa ya uchapishaji, vikiwa bado kwa kava yao ya kwanza. Ile iliyochakaa, iliyokula wadudu, yenye mikwaruzo. Hawataki iliyotengenezwa upya. Na wakikuelezea sababu, utaangalia vitu za kejani kwenu na macho tofauti.

Kwani hawa wasee wanatafuta nini?

Rudi nyuma hadi katikati ya miaka ya 1400, mji wa Mainz, Ujerumani. Jamaa anaitwa Johannes Gutenberg amepata njia ya kuchapa vitabu kwa herufi za chuma zinazopangwa, zinachapwa, halafu zinatolewa na kupangwa upya. Wachina na Wakorea walikuwa wameanza kuchapa mapema kuliko yeye. Kuna maandiko ya Kibuddha yanaitwa Diamond Sutra, yalichapwa China mwaka wa 868 kwa mbao zilizochongwa, na yako London sai. Lakini kwa Ulaya, Gutenberg ndiye aliwasha moto.

Kitabu chake kikubwa cha kwanza kilikuwa Biblia ya Kilatini, iliyomalizika karibu 1455. Inakadiriwa alichapa kopi 180 hivi. Zilizobaki sai, ukihesabu hata zile zimepoteza kurasa nyingi, ni kama 49 dunia nzima.

Vitabu vyote vilivyochapwa Ulaya kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka wa 1500 vina jina lao: inkunabula. Ni neno la Kilatini linalohusu nguo za kufungia mtoto mchanga na kitanda chake, yaani uchapishaji ulikuwa bado uko kwa nepi. Matoleo yanayojulikana ni karibu 30,000, na mengi ni ya dini: Biblia, vitabu vya misa, zaburi, mahubiri, maisha ya watakatifu. Hiyo haishangazi. Waliojua kusoma na kuwa na doh ya vitabu walikuwa sana sana makasisi, watawa na matajiri waliotaka kuonekana wacha Mungu.

Kwa hivyo msee anayekusanya hizi vitu anauliza maswali mawili. La kwanza: hiki kitabu ni cha lini? La pili, ambalo ndilo linapandisha bei: kava ni ya nani?

Zamani kitabu kilikuwa kinauzwa uchi

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Leo ukienda dukani unapata kitabu na kava yake, na kopi zote zinafanana. Wakati wa Gutenberg haikuwa hivyo. Mchapaji alikuwa anauza karatasi tu. Unalipa, unapewa rundo la kurasa zilizochapwa, hazijashonwa, hazina kava. Hata zile herufi kubwa za rangi za kuanzia sura mara nyingi zilikuwa hazijawekwa. Nafasi imeachwa wazi, utafute msanii wako akuchoree.

Halafu unapeleka lile rundo kwa fundi wa majalada. Wewe ndiye unaamua. Una doh? Weka ngozi ya ndama, nakshi na shaba kwa kona. Huna? Weka kitu simpo. Yaani Biblia mbili zimetoka kwa mashine moja wiki moja, moja inaishia kwa monasteri ikiwa na kava ya mbao na mnyororo, ingine inaishia kwa tajiri ikiwa imerembwa.

Kwa hivyo mtu akisema "kava ya kwanza" ya kitabu cha 1470, hamaanishi kava ya kampuni. Anamaanisha ile kava mwenye kitabu wa kwanza alitengenezewa, wakati ule ule kitabu kilipotoka. Na kwa sababu kila kava ilitengenezwa kivyake, hakuna mbili zinazofanana kabisa. Kopi 180 za kurasa zile zile, lakini kava 180 tofauti.

Venye kava ilikuwa inaundwa

Fundi wa enzi hizo hakuwa na mchezo. Anachukua karatasi kubwa zilizochapwa, anazikunja na kuziweka kwa vikundi vidogo. Kila kikundi anakishona kwa uzi mzito kwenye kamba za ngozi au katani zinazopita mgongoni mwa kitabu. Kama umewahi kuona kitabu cha zamani chenye manundu mgongoni, hayo manundu ni zile kamba. Hayakuwekwa kwa urembo. Ndiyo yanashikilia kitabu.

Halafu anachukua mbao mbili. Ndio, mbao kabisa. Kwa Kiingereza tunasema "board" hadi leo tukimaanisha kava ngumu, na hapo ndipo lilitoka. Anatoboa matundu, anapitisha ncha za zile kamba, anazifunga kwa misumari midogo ya mti. Sai kurasa na mbao ni mwili mmoja.

Juu ya mbao anavalisha ngozi. Ujerumani walipenda sana ngozi ya nguruwe, nyeupe na ngumu kama soli. Uingereza walipenda ya ndama, ya rangi ya kahawia. Kisha anapasha moto mihuri midogo ya chuma, yenye maua, simba, malaika au maandishi, na kuigandamiza kwa ngozi moja moja hadi mchoro mzima ujae. Hakuna rangi, hakuna dhahabu, ni alama tu zimezama. Ile mbinu ya kuchapa dhahabu kwa ngozi ilifika Ulaya kutoka ulimwengu wa Kiislamu katika miaka hiyo ya 1400, kupitia sehemu kama Italia na Uhispania. Kwa hivyo ukiona Biblia ya Ulaya imenakshiwa dhahabu, jua mafundi wa misahafu ndio walitangulia kwa hiyo kazi.

Mwisho anaweka vibanio vya shaba pembeni. Vilikuwa na kazi. Kurasa nyingi za wakati huo, hasa zile za ngozi iliyokwaruzwa, hufura hewa ikiwa na unyevu, kitabu kinaanza kujifungua chenyewe kama chipsi kwa karatasi. Vibanio vinakilazimisha kitulie.

Na minyororo nayo? Vitabu vilikuwa bei mbaya, na wezi hawakuanza jana. Kwa kanisa kuu la Hereford, Uingereza, maktaba ya vitabu vilivyofungwa minyororo bado iko. Vimepangwa mgongo ukiangalia ndani na kurasa zikiangalia nje, kwa sababu mnyororo umefungwa kwa ukingo wa mbele wa kava. Ungeviweka kama sisi tunavyoweka, minyororo ingejifunga fundo.

Kava ni shahidi

Sai ndio tunafika kwa utamu. Biblia ya Gutenberg haina jina la mchapaji. Haina mwaka. Haina hata mji. Ukiishika hivyo tu, haikuambii kitu.

Sasa tulijuaje ni ya lini? Moja ya ushahidi mzito kabisa ulitoka kwa mtu aliyeweka kava. Kuna kopi iko Paris ambayo Heinrich Cremer, kasisi wa kanisa la Mtakatifu Stefano pale Mainz, aliandika mwisho wa kila juzuu kwamba amemaliza kuipaka rangi na kuishona, Agosti 1456. Basi. Kidokezo kidogo cha fundi, na wanahistoria wakajua kwa uhakika kwamba kufikia tarehe hiyo kitabu kilikuwa kimeshachapwa. Mchapaji hakusema kitu. Aliyeshona ndiye alisema.

Kopi ingine iko kwa shule ya kifahari ya Eton, Uingereza. Bado iko kwa kava yake ya kwanza, na fundi alipiga muhuri wa jina lake juu ya ngozi: Johannes Fogel, wa mji wa Erfurt. Erfurt iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Mainz, kama Nairobi na Nanyuki hivi, na hakukuwa na nganya. Kwa hiyo kava peke yake tunajua rundo la karatasi lilipakiwa Mainz, likasafiri mbali hivyo, mtu akalipokea Erfurt akalipa fundi wa pale. Ukiitoa hiyo kava, safari yote imefutika.

Ndio maana wataalamu huchora na kupiga picha mihuri midogo ya mafundi na kuilinganisha, kama polisi na alama za vidole. Simba mmoja mwenye mkia uliovunjika kwa muhuri akionekana kwa vitabu 20, unajua vyote vilipitia mikono ya fundi mmoja.

Kilichofichwa ndani ya kava

Halafu kuna mambo ya kujificha. Mafundi wa zamani hawakuwa wanatupa kitu. Kitabu kizee kilichoandikwa kwa mkono kikipitwa na wakati, wanakikata vipande na kuvitumia kuimarisha mgongo wa kitabu kipya, ama wanavibandika ndani ya kava. Wengine badala ya mbao walikuwa wanagandisha karatasi chakavu nyingi hadi zinakuwa ngumu kama ubao.

Mwaka wa 1858, William Blades, mchapaji wa London aliyekuwa anafuatilia sana kazi za William Caxton, Mwingereza wa kwanza kuleta uchapishaji kwao, aliingia maktaba ya shule moja ya zamani mjini St Albans. Akapata kitabu cha falsafa kilichochapwa na Caxton kikiwa kwa hali mbaya, kimenyeshewa, kava inaoza. Mtu mwingine angesema ni takataka. Blades akacheki ndani ya kava. Ilikuwa imetengenezwa kwa karatasi za Caxton mwenyewe, nusu-karatasi 56, na kati yake kulikuwa na vipande vya vitabu 3 ambavyo hakuna mtu alikuwa anajua Caxton aliwahi kuvichapa.

Vitabu vitatu vimejificha ndani ya kava ya kitabu kingine kwa karibu miaka 400. Kama mtu angekuwa amekiwekea kava mpya mapema, vingeishia kwa moto.

Leo hawahitaji hata kupasua. Kule Leiden, Uholanzi, watafiti wametumia mionzi ya X kusoma maandishi yaliyozikwa chini ya tabaka za kava bila kung'oa chochote.

Halafu matajiri wakaharibu

Sasa ukiuliza kwa nini kava za kwanza ni adimu, jibu si vita na moto peke yake. Walioharibu sana ni watu waliopenda vitabu.

Miaka ya 1700 na 1800, mabwana wakubwa wa Uingereza na Ufaransa walishikwa na homa ya kukusanya inkunabula. Lakini walitaka maktaba ing'are. Kwa hivyo kitabu cha 1470 kikifika kwa bwana mkubwa, kava ya mbao inang'olewa. Kurasa zinaoshwa ndio maandishi ya mkono ya wenye zamani yatoke. Kingo zinakatwa zinyooke. Halafu kinavalishwa ngozi nyekundu ya mbuzi, dhahabu kila mahali, na nembo ya familia mbele. Fundi kama Roger Payne wa London alisifika sana kwa kazi ya aina hii, na kusema ukweli, zilikuwa maridadi.

Lakini fikiria hivi. Umepata Jordan za 1985, bado ziko kwa boksi lake, zina alama za mtu aliyezivaa uwanjani. Halafu unabadilisha soli, unapaka rangi, unatupa boksi. Zimependeza, sawa. Lakini ni raba mpya zenye umri wa uongo.

Hawakuwa watu wabaya. Walifanya kitu kile kile familia yangu ilifanya: walipenda kitu, wakataka kikae kizuri.

Kuna pia waliofanya kibiashara. Mwaka wa 1921, muuzaji wa vitabu wa New York, Gabriel Wells, alichukua kopi ya Biblia ya Gutenberg iliyokuwa haijakamilika, akaivunja, akauza karatasi moja moja. Watu wengi wakapata kipande, na kitabu chenyewe kikaisha.

Tuongee doh

Najua ulikuwa unangoja hapa.

Estelle Doheny, mjane wa tajiri wa mafuta wa Los Angeles, alinunua juzuu ya kwanza ya Biblia ya Gutenberg mwaka wa 1950 kwa karibu dola 70,000. Ilikuwa bado kwa kava yake ya miaka ya 1400, ngozi ya ndama juu ya mbao. Akaachia seminari ya Kikatoliki. Oktoba 1987 ikapigwa mnada New York, ikaenda kwa dola milioni 5.39. Kwa reti ya dola kuwa kama 129, hiyo ni karibu shilingi milioni 700. Na kumbuka ni juzuu moja tu kati ya mbili. Iliyonunua ni kampuni ya Japani inaitwa Maruzen.

Halafu 2013, kitabu kidogo cha zaburi kinachoitwa Bay Psalm Book, kilichochapwa Massachusetts mwaka wa 1640, kikauzwa na kanisa moja la Boston kwa zaidi ya dola milioni 14. Zilichapwa kopi 1,700, zimebaki 11 tu. Zingine zilichakazwa na waumini wakiimba hadi zikaisha.

Na mahali kuna doh, kuna ngori. Agosti 1969 jamaa mmoja alijificha kwa maktaba ya Widener, Chuo Kikuu cha Harvard, hadi ikafungwa. Akapanda juu ya paa, akashuka kwa kamba hadi dirishani, akavunja kioo, akabeba juzuu zote mbili za Biblia ya Gutenberg kwa mkoba. Shida ni kwamba zina uzito wa kama kilo 30. Kamba ikamshinda, akaanguka. Walimpata chini amezimia, mkoba ukiwa hapo na yeye. Alipona. Makava yaliumia kiasi, kurasa zikabaki fiti. Hata hapo kava ilifanya kazi yake.

Mwingine hakuhitaji kamba. Mwaka wa 2012, mkurugenzi wa maktaba ya Girolamini mjini Naples, Italia, alikamatwa kwa kupora vitabu vya maktaba ile ile aliyopewa ailinde. Alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Wezi wa vitabu hupenda sana kufuta mihuri ya maktaba na kubadilisha kava, ndio kitabu kisijulikane kimetoka wapi. Kwa hivyo kava iliyobadilishwa juzi, bila maelezo, inafaa ikutie wasiwasi.

Lakini usidhani ni lazima uwe bilionea. Kuna vitabu vya maombi na mahubiri vya miaka ya 1700, bado kwa ngozi yake ya kwanza, ambavyo bei yake haifiki ya simu mpya ya maana. Vilichapwa vingi na havina jina kubwa. Wakusanyaji wengi walianzia hapo.

Jinsi ya kujua kava ni ya ukweli

Kuna wajanja wanaotoa kava ya zamani kwa kitabu kisicho na thamani na kukivalisha kingine. Wazoefu wanacheki hivi:

Matundu ya wadudu. Hii ndiyo naipenda. Wadudu wa mbao hawajui mpaka kati ya kava na kurasa, wanatoboa tu mbele. Kama kuna tundu kwa mbao, linafaa liendelee kwa karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mahali pale pale. Kama mbao ina matundu 10 na kurasa hazina hata moja, hao hawakukua pamoja.

Kingo za kurasa. Kama kuna maandishi ya mkono pembeni na yamekatwa nusu, ujue kuna fundi alipunguza karatasi baadaye, kwa hivyo kava iliyopo si ya kwanza.

Alama za vibanio. Hata kama shaba imepotea, inaacha matundu ya misumari, kutu na kivuli kwa ngozi. Hivyo vinafaa vipatane mbele na nyuma.

Kipimo. Kava ya kwanza inakaa kitabu kama suti ya kushonewa. Ikilegea ama ikibana, uliza maswali.

Karatasi za mwanzo na mwisho. Majina ya wenyewe, maombi, bei, hesabu za deni, michoro ya watoto. Zamani walioziosha walidhani ni uchafu. Leo ndizo za kwanza kuangaliwa.

Si Biblia peke yake, na si huko mbali tu

Mwaka wa 1537 hadi 1538, baba na mwana wa ukoo wa Paganini mjini Venice walichapa Kurani nzima kwa Kiarabu, ya kwanza kuchapwa kwa herufi za chuma. Biashara ilianguka. Ilikuwa na makosa, na Waislamu hawangekubali Kitabu chao kichezewe. Kwa karne nyingi watu waliamini hakuna kopi iliyobaki. Halafu mwaka wa 1987 mtafiti Angela Nuovo akatangaza amepata moja, imetulia kwa maktaba ya watawa wa Kifransisko papo hapo Venice. Ilikuwa haijaenda popote.

Kwetu Pwani, misahafu iliendelea kuandikwa kwa mkono muda mrefu. Siyu, kwenye kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa kazi hiyo, ya wino mweusi na mwekundu ndani ya kava za ngozi. Upande wa Wakristo, Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na akaanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Askofu Edward Steere alifanya kazi Zanzibar, na Agano Jipya la Kiswahili likatoka 1879. Ile Biblia ya Kiswahili ambayo wazee wengi wanaijua, ya Union, ilikamilika 1952.

Kwa hivyo vya kwetu ni vichanga ukilinganisha na vya Gutenberg, na kava zao tayari zilikuwa za kitambaa kutoka kiwandani. Nisikudanganye: Biblia ya shosho ya 1952 haitakupeleka Dubai. Zilichapwa nyingi sana. Lakini kile kilicho ndani ya kava yake hakikuchapwa kingine popote. Familia nyingi hazikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Zilikuwa na ukurasa wa kwanza wa Biblia.

Ufanye nini na ya kwenu

Kwanza, usiipeleke kwa fundi wa kushona thesis. Hana ubaya, kazi yake ni kufanya kitu kionekane kipya. Hiyo ndiyo shida.

Pili, piga picha kila kitu na simu: kava mbele, nyuma, mgongo, ndani ya kava, kila ukurasa wenye maandishi ya mkono, kila karatasi iliyoingizwa katikati. Kadi za mazishi, stakabadhi za sadaka, maua makavu. Andika yalikuwa kwa ukurasa gani.

Tatu, hakuna selotepu, gundi, wala mafuta ya kung'arisha ngozi. Selotepu inakauka, inaacha doa la njano ambalo halitoki. Kava ikiachana na kitabu, zifunge pamoja kwa utepe wa pamba, uziweke kwa boksi safi, mahali hapana jua wala unyevu. Juu ya jiko si mahali. Ndani ya nailoni pia si mahali, unyevu unafungiwa humo.

Nne, shika na mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa. Glavu nyeupe za filamu hukufanya usihisi ukurasa, unaupasua.

Tano, kama lazima irekebishwe, tafuta mtu wa kuhifadhi nyaraka, na umwambie mapema: chochote ukitoa, nirudishie. Hata kipande cha uzi.

Na ukipita kwa wale wauzaji wa vitabu vya kuinama tao, ukikuta kitabu cha nyimbo cha zamani kimechakaa, fungua ndani ya kava kwanza kabla ya kuangalia bei. Kuna mtu aliandika kitu hapo.

Sisi tulirudi kwa shosho baadaye. Tukakaa naye, akatutajia majina yote 8 na tarehe zake bila kufikiria hata mara moja, na huyo wa wiki 3 pia. Tukaandika kwa karatasi safi, tukaiweka ndani ya ile kava mpya yenye dhahabu. Majina tumeyapata. Mwandiko wa guka ndio hatuna.